Mkwe Aliyeuchosha Mji wa Pweto

Sisi watu wa Lubumbashi tuna ugonjwa mmoja ambao hatuutafutii dawa: tunaamini kwamba nje ya mji wetu dunia imelala. Mtu wetu akifika Likasi, anauliza watu wa huko Jumamosi wanakwenda wapi. Akifika Kipushi, hata chai haijapoa ameshaanza kutazama saa. Na sisi wenyewe huku tunafanya nini cha ajabu? Tunakaa kwenye viti vya plastiki kutazama magari ya watu wengine, tunasubiri umeme urudi, ukirudi tunapiga kelele za furaha, na kelele hizo ndizo tunazoziita maisha ya mji. Lakini usije ukatwambia hivyo, tutakununia mwezi mzima.

Ugonjwa huo ulimshika Ephraïm kuliko wote. Ephraïm ni mzaliwa wa Kampemba, papo hapo mjini, miaka thelathini na miwili, na kazi yake ni ushereheshaji. Ndiye anayeshika maikrofoni harusini, anayewaita wazazi waingie wakicheza, anayewatisha wageni wasigombanie nyama. Watu humwita Maître, bwana wa shughuli, naye huitika kabla hawajamaliza kuita. Safari yake ndefu kupita zote ilikuwa ya kwenda Kasumbalesa, mpakani, kununua mashati ya kung'aa yanayotoka Zambia. Alirudi siku hiyohiyo, na kwa wiki mbili alisimulia foleni ya malori kama mtu aliyetoka ng'ambo ya bahari.

Katika kila harusi alikuwa na kipindi chake cha kutania miji. Watu wa Kasai aliwatania kwa sababu babu yake alitoka huko, na hakuna wa kumkataza. Watu wa Kolwezi aliwatania kwa vumbi. Kuhusu Pweto, mji ulioko ncha ya kaskazini ya ziwa Mweru, ambao hakuwahi kuukanyaga wala kuuona hata kwenye picha, alikuwa na neno moja alilolirudia kila Jumamosi: "Kule Pweto kila siku ni dimanche, na ni dimanche bila muziki." Ukumbi ulikuwa unaicheka hiyo Jumapili isiyo na muziki, naye anafuta jasho kwa leso nyeupe kana kwamba amebeba magunia.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Laurentine alikuwa mshonaji wa magauni ya maharusi, na desturi yake ilikuwa kukaa pembeni mwa ukumbi na sindano yake, zipu ya bibi harusi isije ikamuaibisha. Ephraïm aliona uso ule mkavu katika harusi ya kwanza, akaudhika. Katika harusi ya pili alimtupia mizaha yake bora, sita mfululizo, na Laurentine akatunga uzi. Katika harusi ya tatu Ephraïm alimfuata mwenyewe wakati wa chakula amuulize ana ugomvi gani na furaha. Kabla hajaanza, Laurentine akamuuliza kama amekula. Ephraïm alikuwa na miaka tisa kazini, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mshereheshaji kama amekula. Alisimama pale na maikrofoni yake iliyozimwa, akagundua kwamba ana njaa, na kwamba anampenda mwanamke huyu. Baadaye ndipo alipouliza anatoka wapi, akajibiwa: Pweto.

Hapo nyani akaanza kuona kundule. Maana video moja ya utani wake, iliyopigwa na shemeji wa mtu, ilikuwa imeshafika Pweto kabla ya barua yake ya posa. Mama yake Laurentine, Mama Germaine, mkubwa wa wanawake wanaokausha samaki pale ufukoni, alikuwa ameitazama. Mjomba wa Laurentine, mzee Chileshe, alishuka Lubumbashi akapokea barua, akaleta na neno la dada yake. Mama hajakataa, wala hajakubali. Anataka huyo mwanaume aende Pweto akae wiki moja, amwone, kisha atatoa jibu. Laurentine naye alimwambia Ephraïm wazi, bila kupindisha, kwamba jibu la mama yake ndilo litakalokuwa jibu lake.

Laurentine akataka kumfundisha desturi za nyumbani kwao. Kitu chenyewe hakikuwa kirefu. Katika nyumba yao, mkwe na mama mkwe hawasemezani, hawatazamani usoni, hawali pamoja, mpaka siku mama atakapomfungulia mlango. Siku hiyo atapika kuku, wanawake wataimba, na mama ndiye atakayemsemesha mkwe kwanza. Kabla ya hapo mkwe hapazi sauti mahali mama mkwe anapoweza kumsikia. Na watu wa mtaa, kwa kumheshimu mgeni wa namna hiyo, hupunguza sauti zao kila anapopita. Hayo ndiyo aliyotaka kumwambia. Alipofungua kinywa mara ya kwanza, Ephraïm alimkatiza kwa mzaha kuhusu jogoo wa Pweto. Mara ya pili alimuuliza kama kule kuna taa au watu hulala na kuku. Mara ya tatu Laurentine alinyamaza, akaendelea kumkunjia mashati. "Utajionea," akasema.

Barabara ya Pweto ni ya siku mbili juu ya lori, na Ephraïm aliwachekesha abiria wenzake njia nzima, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kukimbilia.

Alifika alasiri. Ziwa lilikuwa pale, kubwa, limetulia, nalo akalitazama kwa muda ule ule ambao mtu hutazama picha za watoto wa jirani. Mzee Chileshe alimpokea kwa mikono miwili na kumpeleka kwenye nyumba ndogo ya wageni ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba ya Mama Germaine, hatua kama kumi kutoka mlango wake. Kulikuwa na wanawake uwanjani wakitwanga na kuzungumza. Ephraïm alipoingia, mazungumzo yalikatika hapohapo. Wakapiga magoti kidogo, wakapiga makofi ya salamu yasiyo na sauti, wakainamisha vichwa. Ephraïm akawatupia mzaha mmoja wa kuchangamsha kijiwe. Wakazidi kuinama.

Chakula kililetwa kimefunikwa, kikawekwa kizingitini, na aliyekileta akatoweka kama mwizi. Kulikuwa na bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaangwa, vyote vitamu, naye akavila peke yake huku akiutazama ukuta. Alimwita mzee Chileshe aje kupiga soga. Chileshe alikuja, akakaa kwenye kiti cha pembeni, na kwa kila hadithi ya Ephraïm alijibu "eeh" kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Baada ya hadithi ya saba aliomba ruhusa akalale. Jua lilikuwa bado halijazama.

Siku ya pili Ephraïm akaenda kuutafuta mji. Wavuvi walikuwa wanashona nyavu, na kwa mbali alisikia kama wanabishana kwa nguvu na kucheka. Alipowakaribia, ubishi ukafa. Wakavua kofia. Wakamsubiri apite. Sokoni ilikuwa vivyo hivyo: kelele mbele yake, kelele nyuma yake, na pale aliposimama, kimya cha makaburini. Alipata baa moja yenye muziki, moyo ukamruka. Mwenye baa alipomwona mlangoni alikimbia kupunguza sauti ya redio mpaka ikawa mnong'ono, akampangusia kiti, akarudi nyuma ya meza na kusimama wima. Ephraïm alikunywa soda yake akimsikiliza inzi.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini kelele zinakufa kila anapofika na kufufuka kila anapoondoka. Ephraïm hakujiuliza, maana kujiuliza kunataka mtu anyamaze kwanza. Yeye alipata jibu upesi, na jibu lilikuwa lilelile alilotoka nalo Kampemba: mji huu umekufa, na yeye alikuwa akisema kweli miaka yote bila kujua. Akajisikia fahari kidogo. Halafu fahari ikapita, akabaki na siku tano mbele yake, na hofu ikamwingia. Mama mkwe alikuwa hajamsemesha hata neno. Alimwona mgongo tu, kwa mbali, mgongo mpana wenye kikwembe, kitenge cha rangi ya machungwa, ukiingia na kutoka. Kwa hesabu ya Ephraïm, mtu asiyekusemesha siku mbili hakupendi. Basi akaona dawa ni moja: awaonyeshe anachokijua. Kama mji umekufa, yeye ataufufua, na mama ataona kwa macho yake binti yake ameangukia mtu wa namna gani.

Akaazima kipaza sauti cha kwaya. Alimwambia mzee Chileshe kwamba siku ya nne, alasiri, anataka kuwakusanya majirani uwanjani awashukuru kwa mapokezi, kwa maneno machache. Chileshe alitazama mlango wa dada yake. Akasema labda si lazima, mkwe, watu wameshajua kwamba umeshukuru. Ephraïm aliona huo ni unyenyekevu wa watu wa mashambani, akampiga bega kumtia moyo.

Walikuja watu wapata arobaini, kwa sababu kuukataa mwaliko wa mkwe nako ni kumkosea heshima, na watu wa Pweto walikuwa wamebanwa kati ya aibu mbili. Walikaa kwenye mikeka. Mlango wa Mama Germaine ulikuwa umerudishwa, lakini si wote, na kila mtu pale uwanjani isipokuwa mmoja alijua kwamba yumo ndani na kwamba anasikia kila kitu. Ephraïm akavaa shati la kung'aa. Akavuta suruali juu mara mbili, kama afanyavyo siku zote, akapuliza kwenye maikrofoni.

Alisema kwa muda wa saa moja na dakika ishirini. Alitoa kipindi cha miji. Alitoa kipindi cha mchungaji na mbuzi, ambacho huko Lubumbashi kiliwahi kumwangusha kitini baba wa bibi harusi. Akaiga namna wanawake wanavyokwenda wakichoka. Hakuna aliyecheka. Wanaume walitazama vidole vyao vya miguu. Wanawake walijifunika nyuso kwa vikwembe. Mzee mmoja aliinuka kwenda kujisaidia na hakuonekana tena siku hiyo. Ephraïm akaongeza sauti, akidhani hawasikii vizuri, na alipoongeza sauti mama mmoja akaanza kulia taratibu. Ephraïm alidhani mzaha wa mchungaji umemgusa. Kumbe yule mama alikuwa anamlilia Laurentine.

Nje kidogo ya mtaa kuna kichuguu, na ndipo mtandao wa simu unapopatikana. Ephraïm alikipanda kabla jua halijazama, akampigia Laurentine, akamlalamikia kwa pumzi moja. Alisema mji huu hauna watu, una picha za watu. Alisema amefanya kazi katika ukumbi wa watu mia nane, na katika kilio cha diwani, na hata kule kwenye kilio watu walicheka. Laurentine alimwacha amalize. Kisha akamuuliza maswali mawili. Alikuwa amesemea wapi? Uwanjani. Na mama alikuwa wapi? Ndani.

Hapo Laurentine akamweleza desturi yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakukatizwa. Alimweleza kwa nini wavuvi wanavua kofia na kwa nini redio inapunguzwa. Alimweleza kwamba kwa saa moja na dakika ishirini, kwa kipaza sauti cha kanisa, amefanya jambo ambalo katika mtaa ule hakuna mkwe aliyewahi kulifanya hata kwa kunong'ona.

"Mama akikatala, mi siwezi kumupita," akasema mwishoni, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na machozi. "Ujue vile, Ephraïm. Nilikuwa nakutaka sana."

Neno lililomchoma ni lile *nilikuwa*. Ephraïm alikaa juu ya kichuguu na aibu ikampanda kutoka miguuni. Alikumbuka kila kichwa kilichoinama, akajua sasa kiliinamia nini. Debe tupu haliachi kuvuma. Alikuwa amewahi kuutumia msemo huo kumtania mshereheshaji mwenzake, na watu walicheka sana. Hakulala vizuri. Kulipokucha aliamua kufanya jambo ambalo hata yeye alijua ni la woga: atatafuta lori, ataondoka, ili jibu la hapana limfikie Lubumbashi kwa simu na si hapa mbele ya macho ya watu. Akapanga mashati yake, akachukua begi, akapita njia ya ufukoni ili asikutane na mzee Chileshe.

Alikuwa amekaribia vibanda vya kukaushia samaki aliposikia kicheko.

Kilikuwa kicheko cha watu wengi, cha kushika mbavu, cha kuombana msamaha ili mtu apumzike kidogo. Ephraïm anakijua kicheko, ndiyo kazi yake. Kuna kicheko cha watu walioshiba, kuna kicheko cha kumfurahisha mwenye harusi, na kuna hiki, ambacho yeye katika miaka tisa alikipata labda mara mbili, na mara moja kati ya hizo ni pale alipoanguka jukwaani. Akasogea kwenye ukuta wa matete, akachungulia.

Walikuwa walewale wa jana. Wavuvi, mwenye baa, yule mzee aliyekwenda kujisaidia, yule mama aliyelia, na mzee Chileshe amejilaza kwenye gunia anafuta macho. Katikati yao, moshi wa samaki ukimzunguka, alisimama Mama Germaine mwenyewe, ameshika mwiko kama maikrofoni. Akavuta kikwembe chake juu mara mbili, kama suruali. Akapuliza mwiko. Akasema "mesdames et messieurs" kwa sauti ya Ephraïm, sauti yake hasa, pamoja na ile pua ambayo Ephraïm hakujua kwamba anayo. Kisha akaanza kuiga jinsi Maître anavyosubiri watu wacheke, shingo imetangulia, tabasamu limesimama, macho yanazunguka uwanjani yakiomba, na hakuna anayecheka, naye anaendelea kusubiri. Watu walianguka chini.

Ephraïm alitazama, na alichokisikia kwanza kilikuwa uchungu, si kwa kuchekwa, bali kwa kuona kwamba mama huyu ni fundi kuliko yeye. Uchungu ukafuatwa na jambo jingine. Mji huu haukuwa umekufa hata kidogo. Ulikuwa unaishi tangu alfajiri mpaka jioni, ila ulikuwa na eneo moja la kuchosha, lenye upana wa mita tatu kila upande, na eneo hilo lilikuwa na miguu na lilivaa shati la kung'aa. Pengine hata Kipushi, hata Kasumbalesa, aliwahi kulipeleka eneo hilo na kurudi nalo. Hapo kicheko kikamponyoka, kikubwa, kabla hajakizuia.

Watu wote wakageuka. Kimya kikaanguka, kile alichokizoea. Mama Germaine akaona begi mkononi mwake, akageuka upesi akampa mgongo, kama desturi inavyotaka, na mwiko akauficha kifuani. Kisha mama, akiutazama ukuta, akamwambia mdogo wake amuulize yule mtu kama anaondoka. Ephraïm alikuwa hatua nne kutoka kwake. Mzee Chileshe alisimama, akajikung'uta, akamgeukia Ephraïm na kumuuliza, mkwe, kama anaondoka.

Ephraïm alifungua kinywa kwa sauti yake ya ukumbini, akakumbuka, akaishusha.

"Umwambie mama, nilikuwa naenda juu ya aibu ya jana," akasema. "Na umwambie, ananiiga muzuri kupita vile mi mwenyewe nafanya."

Chileshe akayafikisha maneno hayo hatua nne. Mabega ya Mama Germaine yakatikisika, na wanawake wawili wakauma vikwembe vyao. Mama akarudisha maneno mengi, na Chileshe akayapokea kwa vipande. Alisema wamenyamaza siku tano kwa kumheshimu, na siku tano zimewachosha mno. Wavuvi siku hizi wanakwenda kucheka upande wa Zambia. Mwenye baa amekosa wateja. Watoto wanapigwa kofi kwa kucheka, na mtaa mzima unamuuliza Chileshe kila asubuhi huyu mkwe ataondoka lini ili watu warudi kwenye maisha yao. Ephraïm aliyasikiliza yote mara mbili, mara ya kwanza kutoka mgongoni kwa mama na mara ya pili kutoka kinywani mwa Chileshe, na kila mara yalimwingia.

Kisha mama akauliza jambo jingine. Alitaka kujua, huko Lubumbashi, siku zisizo na harusi, mtu huyu anafanya nini.

Ephraïm alikuwa na majibu saba ya swali hilo, yote ya kuchekesha, yote yamejaribiwa. Aliyatafuta, akayapata, akayaona hayana ladha. Alitazama watu wale, waliokuwa wanaishi pamoja mchana kutwa bila maikrofoni, akasikia wivu wa waziwazi, wivu wa mtoto.

"Nabakia mu nyumba," akasema. "Naangalia telefone. Nangojea samedi, siku ya harusi. Bantu banacheka samedi, halafu dimanche hakuna mwenye ananiita. Ni Laurentine tu njo mwenye aliniuliza kama nimekula." Akamgeukia Chileshe. "Umwambie mama, haina Pweto njo iko inachosha. Ni mi njo muntu ya kuchosha. Tangu zamani."

Chileshe alianza kuyarudia, akafika katikati, akaacha. Hakukuwa na haja. Mama Germaine alichukua kijiti akachokoa moto chini ya samaki, polepole, na aliposema hakumpa Chileshe maneno ayafikishe, aliuambia moto.

"Papa ya Laurentine, Jeannot, alikuwa muntu ya kuchekesha," akasema. "Lupango zote za Pweto zilimujua. Akiingia, bantu banainuka. Ni lupango yetu tu, zamu yake haikufikaka. Akirudia nyumbani alikuwa analala, amechoka na bicheko ya bengine. Halafu alienda Kilwa, hii yetu ya ku ziwa, ku sikukuu, Laurentine iko na miaka munane. Bantu ba Kilwa nabo balimupenda sana. Njo iko kule mpaka leo."

Hakuna aliyecheka, na safari hii kimya hakikuwa cha heshima kwa mkwe. Mama akaendelea. Alisema alipotazama ile video aliona Jeannot wa pili, amevaa shati zuri zaidi. Alimwita huyu mwanaume Pweto kwa jambo moja tu, amkatae mwenyewe, asitume mtu. Na jana, kupitia kipaza sauti cha kwaya, alikuwa amepata sababu yake, tena sababu ambayo ukoo mzima ungeikubali.

Mzee Chileshe akainamisha kichwa. Ephraïm akakaza mkono kwenye begi, akajiandaa kuipokea ile hapana.

"Lakini Jeannot hakuchoshaka muntu ata siku moja," mama akasema. "Huyu anachosha kabisa. Amechosha mutaa muzima. Na amejua, na amesema." Akatupa kijiti motoni. "Chileshe, binti yangu anaweza kuikala na muntu wa vile."

Chileshe alisogea karibu na kumnong'oneza dada yake kwamba kama anawaza kumfungulia mkwe, mlango haufunguliwi hapa, moshini, siku ya kazi, bila kuku wala nyimbo, watu watasemaje. Mama alimjibu kwamba kuku hawajaisha duniani, na watu wa kusema ndio hawa, wako hapa wote. Kisha akageuka. Aligeuka mwili mzima, akamtazama Ephraïm usoni, na Ephraïm akauona uso wake kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa ya Laurentine, na yalikuwa mekundu kwa moshi au kwa jambo jingine.

"Mutoto," akamwambia, "weka sakoshi chini. Kuya ugeuze hizi samaki, iko naungua."

Ephraïm akaweka begi chini. Akakunja mikono ya shati, akaingia kwenye moshi, akageuza samaki mmoja baada ya mwingine, na hakusema kitu.